MWANAFUNZI NA KAMERA
Somo la mwanga katika ukungu wa Mafinga

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mijini, iwe imetundikwa ukutani sebuleni au imehifadhiwa ndani ya sanduku la nguo, ipo picha moja ambayo familia haiko tayari kuipoteza. Pengine ni ya babu siku alipostaafu kazi, au ya mama alipokuwa msichana, au ya mtoto ambaye hakujaliwa kuishi hadi kuanza shule. Thamani ya picha hiyo haiko katika karatasi wala fremu, bali katika uso. Uso ukionekana, mjukuu humfahamu babu ambaye hakuwahi kukutana naye.

Lakini zipo picha nyingine, na pengine ndizo zilizo nyingi zaidi, ambamo uso huo haumo. Zimepigwa siku ya arusi, siku ya mahafali, siku ya ubatizo. Nguo zinaonekana, maua yanaonekana, na anga jeupe linaonekana, ila mwenye shughuli ni kivuli cheusi kisicho na macho. Arusi hairudiwi kwa ajili ya picha, na marehemu haitwi arudi kukaa vizuri zaidi. Kwa sababu hiyo elimu ya awali ya kupiga picha si anasa ya watu wenye nafasi. Ni elimu ya nyumbani, sawasawa na kushona kifungo au kutunza hesabu za matumizi, na umri mzuri wa kuianza ni ule wa mwanafunzi.

Makala haya yanamfuata mwanafunzi huyo hadi Mafinga, katika Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa. Mji huo uko kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Makambako, Mbeya hadi Zambia, katika nyanda zilizoinuka karibu meta 1,900 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja yapo mashamba makubwa ya misonobari na mikaratusi ya Sao Hill; upande mwingine, kuelekea ukingo wa milima, ipo chai ya Mufindi. Miezi ya Juni na Julai baridi huwa kali, na asubuhi nyingine ukungu hufunika barabara hata magari yakawasha taa. Ajifunzaye kupiga picha mahali pa namna hii hupata mwalimu mkali, kwa maana mwanga wa Mafinga haukai jinsi ulivyo. Huu ni mji ambamo mwanafunzi hulazimika kuutazama mwanga kwanza, ndipo amtazame mtu.

KOPO LENYE TUNDU

Jambo la kwanza la kumtoa mwanafunzi wasiwasi ni kwamba anaweza kuanza bila kamera. Somo la fizikia la kidato cha kwanza hufundisha juu ya kamera ya tundu, na vifaa vyake hupatikana jikoni. Chukua kopo tupu la maziwa ya unga. Katikati ya kitako chake toboa tundu moja dogo kwa ncha ya sindano nene. Mdomo wa kopo ufunike kwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta kidogo ya kupikia ili ipitishe mwanga, kisha ikaze kwa mpira. Jifunike kitenge kizito kichwani pamoja na upande wa ile karatasi, na tundu ulielekeze nje penye jua.

Juu ya karatasi itaonekana barabara, miti na watu wapitao, wote miguu juu na kichwa chini. Sababu yake ni nyepesi. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka: utokao juu ya mti hupita tunduni na kuangukia chini ya karatasi, na utokao shinani huangukia juu. Tundu likipanuliwa, picha hung'aa zaidi lakini hufifia kingo zake. Tundu likiwa dogo, kingo hukaza lakini picha huwa na giza. Ndani ya kopo hilo moja mwanafunzi ameishapata kanuni ambayo itamfuata hata akija kushika kamera ya bei kubwa: kila faida ya mwanga ina gharama yake.

Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini waliwahi kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi mchana kweupe. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa likabaki kama pete, na watu walikusanyika Rujewa, Wilaya ya Mbarali, katika mkoa jirani wa Mbeya, kulitazama. Jua linapopatwa, kila upenyo kati ya majani ya mti huwa kama tundu la kopo, na chini ya kivuli hutawanyika sura nyingi ndogo za jua lililomegwa. Mwenye kujua siri ya kopo huweza kulitazama tukio zima ardhini bila kuyadhuru macho yake.

VIPIMO VITATU

Kamera ni kopo lile lile lililoongezewa mambo matatu. Tundu limewekwa kioo cha lenzi, ambacho hukusanya mwanga mwingi na kuukaza. Mbele ya filamu kimewekwa kilango kinachofunguka na kufungika kwa kasi, ambacho mafundi hukiita shata. Na badala ya karatasi yenye mafuta ipo filamu, au katika kamera za kisasa na simu, kipande cha kielektroniki kinachohisi mwanga.

Mfano wa ndoo bombani unaweza kusaidia. Ili ndoo ijae bila kumwagika, mtu hutazama mambo matatu: bomba limefunguliwa kiasi gani, limeachwa wazi kwa muda gani, na ndoo yenyewe ina ukubwa gani. Upana wa bomba ni tundu la lenzi. Muda ni kasi ya shata. Ukubwa wa ndoo ni wepesi wa filamu, ambao zamani uliandikwa ASA na sasa huandikwa ISO: filamu ya 400 ni ndoo ndogo, hujaa upesi, filamu ya 100 huhitaji mwanga mara nne zaidi.

Namba za tundu huwachanganya wanafunzi wengi, kwa kuwa zinakwenda kinyume. Katika mfululizo wa 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16, namba ndogo ndiyo tundu kubwa, na kila hatua moja kwenda mbele hupunguza mwanga kwa nusu. Kasi nayo huenda kwa hatua hizo hizo: sehemu ya 60 ya sekunde, ya 125, ya 250, ya 500. Ukifunga tundu hatua moja, punguza kasi hatua moja, na kiasi cha mwanga kitabaki kile kile.

Kwa miaka mingi pakiti za filamu zilikuja na karatasi ndogo ya maelekezo, na mwanafunzi mwangalifu aliikariri kama jedwali la kuzidisha. Kwa filamu ya 100 na kasi ya sehemu ya 125 ya sekunde, tundu huwa 16 katika jua kali, 11 jua likiwa na wingu jepesi, 8 kukiwa na mawingu meupe yasiyotupa kivuli, 5.6 kukiwa na mawingu mazito. Na 4 katika kivuli cha nyumba. Kanuni hiyo haihitaji betri wala kipimo, na mpaka leo haijapitwa na wakati. Simu ya kisasa hufanya hesabu hizo yenyewe, lakini atakayezijua ndiye atakayetambua wakati simu inapokosea.

UKUNGU NA NYUSO ZETU

Na simu hukosea. Kipimo kilichomo ndani ya kamera hakijui kama kinamtazama bibi au ukuta. Kimetengenezwa kwa kudhani kwamba mandhari yoyote, ikichanganywa giza na weupe wake, hutoa rangi ya kijivu. Asubuhi ya ukungu Mafinga dhana hiyo huvunjika. Kamera huona weupe mtupu, hudhani mwanga umezidi, hujibana, na matokeo yake ukungu hutoka wa kijivu na mtu aliyesimama mbele yake hutoka mweusi tii. Mwanafunzi asipofundishwa atalaumu rangi ya ngozi ya jamaa yake, hali kosa ni la kipimo.

Lawama hiyo ina historia, na inafaa vijana waijue. Kwa miongo kadhaa viwanda vikubwa vya filamu za rangi vilirekebisha rangi zao kwa kadi za majaribio zenye picha ya mwanamke mzungu. Katika kampuni ya Kodak ya Marekani kadi hiyo ilijulikana kwa jina la Shirley. Ngozi nyeupe ndiyo iliyofanywa kuwa kipimo. Katika picha za madarasa yenye watoto wa rangi mbalimbali, nyuso za watoto weusi zilipotea, yakabaki meno na macho. Jambo la kushangaza ni kwamba miongoni mwa waliolalamika na kusikilizwa ni wafanyabiashara wa samani za mbao na wa chokoleti, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutoka vizuri. Filamu zilianza kurekebishwa zaidi kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zikafuata. Katika mji wa mbao kama Mafinga, habari hii haihitaji ufafanuzi mrefu: ubao ulipata haki yake mbele ya lenzi kabla ya uso wa binadamu.

Kwa hiyo mwanafunzi na aweke kanuni moja mbele ya nyingine zote: pima uso, usipime anga. Mwenye kamera ya zamani na amsogelee mtu, apime mwanga karibu na shavu, kisha arudi nyuma apige kwa kipimo hicho hicho. Mwenye kamera isiyo na kipimo na afungue tundu hatua moja au mbili zaidi ukungu unapokuwa nyuma ya mtu. Mwenye simu na aguse uso katika kioo kabla ya kubonyeza, maana simu nyingi huhamishia kipimo pale palipoguswa. Anga litaungua na kuwa jeupe kabisa, liache liungue. Hakuna familia iliyowahi kutundika ukutani picha kwa ajili ya anga.

Saa nazo zina sheria zake. Mafinga iko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, hivyo katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri hupita utosini. Mtu akipigwa picha saa hizo, paji la uso hung'aa na macho huzama katika mashimo meusi. Mwanga wa kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, na ule wa kuanzia saa kumi na moja jioni, hutoka pembeni na kuuchora uso vizuri. Ikiwa shughuli ni ya mchana, msogeze mtu chini ya baraza au mlangoni, uso wake ukielekea nje. Mlango wa nyumba ya kawaida ni studio isiyolipiwa kodi. Hata ukungu wenyewe, ukiwa mbele ya mtu na si nyuma yake, hutawanya mwanga laini ambao mabwana wa studio huununua kwa taa na miavuli.

KUHESABU KABLA YA KUBONYEZA

Wazee waliojifunza kwa filamu walikuwa na bahati moja iliyofanana na shida: filamu ilikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa na gharama yake. Aliyefungua shata alikuwa amekwisha kufikiri. Kisha ilikuja kazi ya chumba cha giza, ambako filamu ilisafishwa kwa dawa ya kuibua picha, ikasimamishwa kwa asidi hafifu, na kugandishwa kwa dawa ya tatu ili isiharibiwe tena na mwanga. Maelekezo ya dawa za picha nyeusi na nyeupe kwa kawaida yaliandikwa kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Dar es Salaam fundi alihangaika kupoza maji. Katika baridi ya Mafinga ilibidi ayapashe moto, la sivyo picha ingechelewa kuibuka na kutoka hafifu. Siku hizi vyumba vya giza vimekuwa adimu, na Kodak yenyewe iliomba kinga ya mufilisi Januari 2012. Lakini nidhamu ya kuhesabu haikufilisika. Mwanafunzi anayetumia simu anaweza kujiwekea sheria ya kupiga picha 12 tu kwa siku na asifute hata moja mpaka aandike katika daftari kosa la kila moja.

Shule zetu nyingi za sekondari haziruhusu simu za wanafunzi, na makatazo hayo yana sababu zake. Haina maana kwamba somo limefungwa. Kopo halikatazwi. Kamera moja ya shule, ikiwa chini ya mwalimu, huweza kuhudumia chama kizima cha wanafunzi kwa zamu, na likizo ni wakati wa mazoezi nyumbani.

Mfano mzuri tunao hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alikulia Dar es Salaam na kuanza kupiga picha akiwa mwanafunzi, kwa kamera ya mkononi mwa mtu, Box Brownie, sanduku dogo ambalo kwa kweli halikupita sana lile kopo letu. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20, alianzisha kampuni yake ya Camerapix katika jiji hilo hilo. Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizotangazwa na BBC pamoja na taarifa ya Michael Buerk, ziliuamsha ulimwengu kutoa misaada. Mwaka 1991 alipoteza mkono mmoja katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, akarudi kazini. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Safari yote hiyo ilianza kwa mtoto wa shule mwenye kamera kuukuu aliyejifunza kutazama.

HODI KABLA YA KAMERA

Lipo somo jingine ambalo halimo katika karatasi ya maelekezo, nalo ni adabu. Picha huchukua kitu cha mtu. Mafinga na vijijini mwake mwanafunzi asiinue kamera kabla ya kusalimu. Aseme "Kamwene", kama wasemavyo Wahehe, ampe bibi shikamoo yake, aitikiwe marahaba, aeleze anataka nini na picha itakwenda wapi. Bibi akisema, "Ngoja kwanza nijitande mgolole wangu, mjukuu wangu," amengojewe. Muda huo si hasara. Ndio mwanga unapotazamwa na kigoda kinapohamishiwa mlangoni. Naye akikataa, amekataa.

Sheria sasa imekuja kuitia nguvu adabu hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazilinda taarifa zinazomtambulisha mtu, na sura ni mojawapo. Mgonjwa kitandani, mtoto aliye uchi, mfiwa anayelia na mwenzako aliyeadhibiwa shuleni si vitu vya kurushwa hovyo. Vivyo hivyo kambi za jeshi hazipigwi picha bila ruhusa, na kijana wa Mafinga, mji wenye kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, hana budi kulijua hilo mapema.

JINA NYUMA YA PICHA

Wapo wahenga waliosema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanzoni mwa karne ya 20 mpiga picha wa Kijerumani, Walther Dobbertin, alipiga picha nyingi katika nchi hii ilipokuwa koloni la Wajerumani, na picha hizo zimo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Sura za babu zetu zimo humo, ila wengi hawakuandikwa majina. Wajukuu wao wanaweza kuzitazama leo wasijue kwamba wanatazama watu wao.

Tusiwatendee watoto wetu vivyo hivyo. Nyuma ya kila picha iliyochapwa iandikwe kwa penseli laini: nani, wapi, tarehe gani, na aliyepiga ni nani. Zilizomo ndani ya simu zichaguliwe chache kila mwezi, zipewe majina, zinakiliwe mahali pa pili, na zilizo bora zichapwe, kwa maana simu huibwa, huangukia maji na kufa bila kuaga. Picha za karatasi ziwekwe mbali na unyevu na moshi wa jikoni. Kamera nayo itunzwe: vumbi la barabarani na la mashine za mbao lipulizwe kabla ya kufutwa, lisije likakwaruza lenzi, na mtu akitoka kwenye baridi kuingia jikoni penye moto, aiache kamera ndani ya mfuko mpaka ipate joto, vinginevyo lenzi itatoka jasho.

Mwalimu Julius Nyerere, katika maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alitaka mwanafunzi ahitimu akiwa na jambo la kuifaa jamii anamoishi. Kijana awezaye kumweka jirani mlangoni na kumpatia picha ya fomu ambayo sura yake inaonekana, au kuwapigia wazee wa mtaa picha moja safi kila mmoja na kuandika majina yao, ameifaa jamii hiyo, na huenda akajipatia riziki.

Wazazi wenye mwanafunzi nyumbani likizo hii wanaweza kumpa zoezi la wiki moja. Amchague mtu mmoja, aliye mzee kuliko wote katika nyumba. Ampige mlangoni asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa siku sita, na kila mara aandike saa, hali ya anga na kipimo alichotumia. Siku ya saba familia iketi pamoja, izitazame picha zote, na imwachie mzee mwenyewe achague ile ambayo angependa akumbukwe nayo.